Majina Chini ya Nyayo za Sanamu

Mjumbe alisimama mlangoni na bunduki begani, akasema Davy angepita saa nane mchana.

"Anakuya kuchukua sanamu yake. Anasema usifunge."

"Sijawahi kufunga," Julien Uketi alijibu. Alikuwa na kitambaa mkononi, akifuta vumbi kwenye kabati la vioo kama alivyofanya kila asubuhi, iwe vita au amani.

"Na zile zingine zikuwe palepale. Zote saba. Anasema anataka kuzisoma."

Mjumbe akaenda zake. Mtu mwingine angedhani amekosea neno, maana ni nani asomaye sanamu za plastiki? Lakini Julien alielewa vizuri sana, na kitambaa kilimponyoka kikaanguka miguuni.

Ilikuwa Mei 2003. Askari wa Uganda walikuwa wameondoka Bunia, mashariki mwa Kongo, na mji ulikuwa ukipita mkono hadi mkono kama chungu kisicho na mwenyewe. Kila juma ulikuwa na wenye mji wapya, na wenye mji wapya walikuwa na kazi moja: kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza majina. Hawakuuliza umefanya nini. Jina la ukoo lilitosha. Kwa jina la ukoo walijua kilima alikozaliwa babu yako, na kwa kilima hicho waliamua kama utaiona jioni.

Nyumba ya Julien ilikuwa imejengwa kuwakatalia watu wa namna hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa Mualuri wa Mahagi, kabila lisilo na upande katika vita hiyo, fundi wa redio aliyehamia Bunia na mke wake Solange. Mwaka wa tisini na nane alinunua televisheni mbili, mashine mbili za michezo ya video na jenereta yenye kikohozi, akafungua chumba ambacho vijana walikiita Kwa Julien tu. Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa kupigana, wenye mashujaa saba. Majina yao halisi yaliandikwa kwa herufi za Kijapani ambazo hakuna aliyezijua, kwa hiyo vijana waliwabatiza upya: Chuma, Radi, Kapitene, Bibi Moto, Mufupi, Pembe na Nyuki.

Kisha Julien akataka sanamu zao. Za kwanza alizinunua sokoni, na zilimwaibisha. Siku ya tatu mkono wa Radi ulitoka. Rangi ya Bibi Moto ilibaki kwenye vidole vya watu, na shingo ya Kapitene ilizunguka na kuzunguka kama ya bundi. Julien alizitupa zote. Kitu kibovu kilichopakwa rangi ya kitu kizuri kilimkera kuliko wizi, na alisema hivyo kwa yeyote aliyekubali kumsikiliza.

Za pili aliziagiza kwa Assani, mfanyabiashara wa ziwani aliyezileta kutoka Kampala. Julien alisafiri mwenyewe hadi Mahagi-Port kuzipokea. Alimkalisha Assani juu ya gunia la chumvi, akazikagua moja baada ya nyingine tangu asubuhi hadi samaki wa sokoni wakaisha. Alikunja kila goti na kusikiliza, kwa sababu kiungo kizuri hulia kidogo, kikavu, na kibaya hukaa kimya au hulia kama panya. Alikwaruza rangi kwa ukucha. Alinusa, maana plastiki mbaya hunuka mafuta ya taa. Alitazama hata kwapani, ambako fundi mvivu huficha mshono wake.

"Weye unanunua sanamu ao unaoa?" Assani aliuliza.

"Mwanamke angeniambia kasoro zangu. Hizi hazisemi, ndiyo nazitafutia zao."

Saba zote zilipita. Zilikuwa nzito mkononi, ngumu, zenye pini za kweli magotini. Miaka mitano vijana walizishika kwa mikono yenye jasho, walizigombania, waliziangusha sakafuni, na hakuna hata moja iliyopoteza kidole.

Mlangoni kulikuwa na sheria, na sheria hiyo Julien aliitunza kuliko jenereta. Ukiingia, jina lako la ukoo unaliacha nje. Ndani, unaitwa kwa jina la shujaa wako. Wakati vijiji vya Djugu vikiungua na redio zikitaja makabila kila saa, benchi la Kwa Julien lilikaliwa na Chuma na Radi na Nyuki, bega kwa bega, wakitukanana kuhusu ngumi za kwenye kioo. Hakuna aliyejua mwenzake ni mtoto wa nani. Mzee mmoja wa mtaa alisema ni mchezo wa kitoto. Lakini wakubwa wenye akili, waliosoma, wenye magari, walishindwa kujenga benchi kama lile katika wilaya nzima.

Kulikuwa na pahali pamoja tu ambapo jina kamili liliruhusiwa. Kijana aliyeshinda mashindano na shujaa wake alipewa sanamu iwe yake, ingawa iliendelea kukaa kabatini ili wote waione. Julien alichukua sindano ya kushonea magunia, akaipasha moto, akamchomea jina chini ya nyayo. Mguu wa kushoto ulibeba jina la ubatizo na la ukoo, kama kwenye diploma. Wa kuume ulibeba kartie na avenyu, yaani mtaa na barabara ya nyumba yake, ili bingwa apatikane siku ya kutetea taji lake. Herufi zilikuwa ndogo, zenye kina, na juu yake alipaka vanishi nyeusi. Halafu sanamu ilisimamishwa tena juu ya jina lake, na jina likasahauliwa.

"Weye utakufa, hii itabaki," alikuwa akimwambia bingwa mpya, kwa majivuno.

Sasa alisimama mbele ya kabati na maneno hayo yakamrudia.

Davy alikuwa Pembe. Miaka miwili alikaa kwenye benchi lile, akacheka na wote, akakopa kalamu za wote. Sasa alikuwa na watu sita wenye bunduki na redio ya kiunoni, na alikuwa anatafuta watu wa upande mwingine. Aliwajua kwa sura na kwa majina ya mashujaa. Majina ya kweli na nyumba zao hakuyajua, na mtaa mzima usingeweza kumwambia Nyuki ni nani. Chini ya mguu wa sanamu ya Nyuki tu ndipo jina la Nyuki lilipokutana na la Gaël, kijana mwenyewe. Jina la ukoo la Gaël halitaandikwa hapa. Wakati huo Gaël alikuwa amejificha juu ya dari ya shangazi yake, kwa sababu barabara ya kwenda kambi ya wakimbizi, kwenye uwanja wa ndege, ilikuwa na kizuizi. Nyumba ya shangazi ilikuwa kwenye avenyu ileile iliyochomwa kwenye mguu wa kuume.

Solange aliingia kutoka uani, akamkuta bado amesimama. Alimweleza kwa maneno machache.

"Zichome," alisema.

"Moshi mweusi utapanda, avenyu nzima itajua."

"Zitupe chooni."

"Amesema zikuwe hapa zote saba, Mama Régine. Akikuta kabati bila kitu, ataniuliza mimi majina. Na mimi sijui nitavumilia mpaka wapi."

Solange alimtazama. Walikuwa wamemtuma binti yao Régine kwa bibi yake Mahagi tangu Machi, na mara nyingi usiku walilaumiana kwa kutokwenda naye.

"Basi zisimame palepale," alisema, "na zisiwe na neno."

Julien alianza na msasa. Alisugua mguu wa Chuma mpaka jasho likamdondoka puani. Vanishi ilitoka, plastiki iling'aa, na herufi zikabaki, zikisomeka vizuri kuliko mwanzo. Akachukua kisu. Kisu kiliteleza juu ya plastiki ngumu, kikamkata kidole gumba.

"Ulitaka kitu ya kudumu," Solange alisema, akimfunga kidole kwa kipande cha kitenge. "Ndiyo hii."

"Usinicheke."

"Sicheki. Toka, nipishe."

Alikwenda uani akarudi na pasi ya makaa. Aliipepea mpaka makaa yakawa mekundu, akaipindua, uso wake wa chuma ukitazama juu. Julien akaukandamiza mguu wa Chuma juu yake.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Plastiki nzuri haina haraka, hata kwa moto. Alihesabu mpaka arobaini, akitamani kwa mara ya kwanza maishani mwake kwamba angenunua takataka za sokoni. Ndipo mguu ukaanza kulegea. Harufu kali ilipanda, na alipouinua aliona herufi zimezama na kufungana, kama nyayo za mbuzi kwenye tope baada ya mvua. Aliusugua kwa kijiko kilicholowa maji. Haukuwa na neno tena. Wala haukuwa mguu tena, ulikuwa kama ulimi.

"Mwingine," Solange alisema.

Walifanya Chuma, Radi, Kapitene, Bibi Moto, Mufupi. Kila mguu ulidai muda wake. Kila walipomaliza mmoja, Julien aliangalia saa ya ukutani, na kila mara ilikuwa imesonga zaidi ya alivyodhani. Milio ya bunduki ilisikika upande wa Mudzipela, ikanyamaza, ikaanza tena karibu zaidi. Pembe hawakuigusa. Mwenyewe alikuwa anakuja kuichukua, na Julien hakuona sababu ya kumfutia mtu jina ambalo mtu mwenyewe anajua.

Nyuki alibaki wa mwisho. Mtengenezaji alikuwa amemvisha viatu vizito, vyenye soli nene, na Julien alianza na mguu wa kuume, wenye kartie na avenyu, kwa sababu ndiyo njia ya kufika kwenye dari. Ulichukua makaa yote. Herufi zilipofungana, pasi ilikuwa inapoa, na Solange alikimbilia uani kuongeza makaa mengine.

Alirudi akikimbia, mikono mitupu.

"Wamefika kwenye kona."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika ishirini. Julien alimsimamisha Nyuki kabatini, mguu mmoja ukiwa bado laini, jina zima likiwa chini ya mguu wa kushoto. Akafunga kioo. Solange akasimamisha pasi juu ya meza, akatandaza shati kando yake.

Davy aliingia na mtu mmoja. Wengine walibaki barabarani. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelala ndani ya moshi.

"Ya Julien," alisema, akimwita kaka kama zamani.

"Pembe. Karibu."

"Kunanuka nini hapa?"

"Nilikuwa napiga pasi," Solange alisema, "nikaunguza nailoni."

Davy hakumsikiliza. Alifungua kabati mwenyewe, akaichukua Pembe, sanamu yenye pembe moja kichwani, akaigeuza chini juu. Aligeuka mgongo kuelekea mlangoni alipokuwa askari wake. Alitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama jina lake mwenyewe.

"Chef, kweli kuna majina?" askari alimuuliza mkubwa wake.

Davy aliinua Chuma, akatazama. Akainua Radi. Akazirudisha polepole, akamsogelea Julien mpaka pumzi yake ikamfikia.

"Ulifuta zingine," alisema kwa sauti ya chini. "Ukaacha yangu. Uliiachia nani?"

Julien alitazama sanamu mkononi mwa Davy, na kutoka pale aliposimama aliweza kulisoma jina kichwa chini. Jina la ubatizo, kisha la ukoo. Lilikuwa jina la upande wa pili. Lilikuwa jina la babake Davy, la watu walewale ambao Davy alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akiwatafuta. Wakubwa wake na askari wake walimjua kwa jina la mamake.

Alikuwa amelichoma yeye mwenyewe, kwa mkono wake, miaka mitatu iliyopita. Na alikuwa ametii sheria ya nyumba yake vizuri hivi kwamba alilisahau.

"Nilisahau," alisema.

"Mtu anasahau jina?"

"Hapa ndani siye wote tulisahau. Ndiyo ilikuwa kazi ya hii nyumba."

Davy alifunika mguu wa sanamu kwa kiganja. Ndipo Julien alipoelewa kwamba salamu za asubuhi zilikuwa na shabaha mbili. Davy alitaka majina ya wengine, ndiyo, lakini kwanza alitaka hili lisionwe na mtu.

"Futa," Davy alisema. "Sasa hivi."

"Pasi imepoa. Inataka makaa."

Davy akageuka. "Mama, leta makaa." Na kwa askari: "Weye ngoja nje."

"Tutachelewa, chef."

"Nimesema nje."

Askari alitoka, lakini aliegemea fremu ya mlango, shingo yake ikiwa ndani. Solange alileta makaa kwenye sufuria kuukuu, akaijaza pasi, akaipepea. Chuma kilipoanza kutoa joto, Julien alichukua Pembe. Alijua anachofanya. Alikandamiza mguu wa kuume, wenye kartie na avenyu. Wa kushoto, wenye jina, aliuacha hewani.

Mguu ulilegea, herufi zikafungana. Julien akaisimamisha Pembe mezani upande wake mwenyewe, mbali na Davy, akanyoosha mkono kabatini akamchukua Nyuki.

Davy alimshika kifundo cha mkono.

"Huyu amebaki na nini?"

"Mguu moja."

"Onesha."

"Hapana, Pembe."

Askari mlangoni alisogea. Davy aliufinya mkono mpaka kidonda cha gumba kikavuja damu kupitia kitenge.

"Nyuki alinipiga fainali," Davy alisema. "Namukumbuka sura. Onesha."

Julien alizungumza polepole, kwa sauti ambayo haikuweza kufika mlangoni. "Jina lako bado liko pale mezani. Askari wako anajua kusoma, nimemuona anasoma tangazo la ukutani. Niache nifute hii, halafu nafuta yako. Ukinipiga risasi, ataingia, na kitu ya kwanza atashika ni ile."

"Naweza kuifuta mwenyewe."

"Inataka hesabu ya arobaini. Atakuuliza unafuta nini."

Nje mtu alimwita Davy kwa redio, sauti ikikwaruza kiunoni mwake. Hakuitika. Solange alikuwa bado anapepea makaa, bila kuinua kichwa, kama mwanamke mwenye mashati kumi ya kumaliza. Davy alitazama mguu wa kushoto wa Nyuki, ambao Julien alikuwa ameufumbata kiganjani. Kisha akatazama mezani.

Aliachia mkono.

Julien alimkandamiza Nyuki juu ya pasi. Alihesabu. Kwenye ishirini redio iliita tena. Kwenye thelathini askari aliingia hatua mbili, akauliza, "Chef, hizi sanamu zinasema nini?"

"Hazisemi kitu," Davy alijibu. "Walitudanganya."

Arobaini. Julien hakuinua. Alifika hamsini, sitini, mpaka soli ikaanza kumwagika pembeni na moshi mwembamba ukapanda, ndipo akauinua na kuusugua kwa kijiko. Baadaye alichukua Pembe akamfutia jina lake kwa uangalifu uleule, bila haraka, kwa sababu hakujua kufanya kazi kwa namna nyingine. Alimkabidhi.

Davy alipitisha kidole juu ya mguu uliobapika. Uliunguza, lakini hakuondoa kidole.

"Kesho asubuhi nisikukute hapa, Ya Julien," alisema. "Unajua mingi."

"Najua ulikuwa unacheza vizuri."

Davy alimpiga kofi, moja, kwa nguvu, la kuonekana na aliye mlangoni. Akatoka na sanamu ndani ya koti. Solange alihesabu hatua zao mpaka kona, akakaa chini sakafuni.

Hawakungoja kesho. Saa kumi walifunga mlango kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa tisini na nane, wakaingia katika msururu wa watu waliokuwa wakielekea uwanja wa ndege na magodoro vichwani. Solange alibeba sufuria na unga. Julien alibeba sanamu sita ndani ya mfuko wa sukari. Kwenye kizuizi mwanamume mmoja alizimwaga chini, akazipindua moja moja kwa ncha ya kiatu, akatazama nyayo zake zisizo na umbo.

"Hizi ni za nini? Hata kusimama haziwezi."

"Ni mbovu," Julien alisema, na neno hilo lilimuuma. "Nilidanganywa sokoni."

Kambini, kati ya turubai, walimtafuta mama yake Gaël mpaka wakampata. Mama Elisabeth alikuwa ameketi kwenye mkeka na majirani zake, akichambua maharagwe aliyopewa. Aliwatambua, na uso wake ukakauka akingoja habari.

"Davy alikuya kutafuta majina," Julien alisema. "La mutoto wako haliko kwangu tena. Nimelifuta, na nyumba pia."

Mwanamke yule alicheka kidogo, bila furaha.

"Siku aliponiambia jina lake limechomwa chini ya mguu wa sanamu, nilimupiga. Nilidhani ni uchawi." Alitupa punje iliyooza. "Alilia, akaniambia, mama, ni heshima. Limefutika kweli? Hata la baba yake?"

"Lote."

"Na yeye bado iko kwa shangazi?"

"Mpaka jana usiku alikuwa huko. Leo hawana njia ya kumupata."

Mama Elisabeth alitikisa kichwa mara nyingi, kama anayejibu maswali ambayo wengine hawayasikii. Akasogeza kapu lake la maharagwe, akakunja kanga iliyokuwa imetandazwa kando yake, akawaachia nafasi kwenye mkeka.